Waya wa Gari la Dada Stefka

Shemeji yangu Orest Prytula hushinda majira yote ya baridi na chupa ya gundi kwapani. Ukimkuta posta, iko kwapani. Ukimkuta kanisani, iko kwapani. Jumapili moja padri alimkumbatia baada ya misa, akashtuka, akamvuta pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama ameshaonana na daktari kuhusu ule uvimbe.

"Hapana, Baba, ni gundi," Orest akamjibu mbele ya watu. "Ikiganda hii, haishiki hata karatasi."

Gundi ilikuwa ya tsimbali. Ni lile sanduku bapa lenye nyuzi nyingi, linalogongwa kwa vijiti viwili, na hapa kwetu Manitoba, sisi wajukuu wa Waukraine, harusi isiyo na tsimbali watu wanakula na kuondoka mapema. Orest alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye ghala la nafaka kando ya reli. Siku aliyostaafu akatangaza kwamba sasa atatengeneza tsimbali. Kupiga hajui. Kutengeneza pia alikuwa hajui. Ya kwanza ilipasuka Februari kwa mlio uliomfanya mbwa wangu akae chini ya kitanda siku mbili. Ya pili haikupasuka, lakini ukiigonga unasikia sufuria. Ya tatu ilikuwa bado mbao tu, na alikuwa ameapa kwamba itakuwa tayari ifikapo Malanka, yaani mwaka mpya wetu wa kalenda ya zamani, katikati ya Januari.

Karakana yake ilikuwa gereji. Na kuipasha gereji joto wakati wa baridi si kazi ya mtu mwenye akili timamu, ndiyo maana ilimfaa yeye. Alitaka kuweka jiko la kuni, watu wa bima wakamwambia thubutu. Basi akapanga marobota ya nyasi kavu ukutani mpaka darini. Akatundika mablanketi ya marehemu mama yake nyuma ya mlango. Dirishani akabandika plastiki, akaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ya mkewe mpaka ikakakamaa. Kisha akanunua hita ya umeme, akaiweka katikati, akaizungumzisha kwa upole kuliko anavyowazungumzisha watu.

Tatizo la gereji inayopata joto mchana na kupoa usiku ni kwamba inatoa jasho, na patasi zikitoa jasho zinaota kutu. Orest akazipaka patasi zake zote mafuta ya nguruwe. Paka wa Stefka akagundua. Wiki nzima paka hakugusa chakula chake, alikuwa anaingia gerejini asubuhi, analamba patasi moja baada ya nyingine, anatoka akiwa ameshiba. Betri za drili nazo hazipendi baridi, kwa hiyo alizificha ndani ya beseni la unga ulioumuka jikoni, chini ya kitambaa. Nusura Stefka aikande moja pamoja na mkate.

Stefka ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Mimi naitwa Darka, nyumba yangu iko ng'ambo ya kichochoro chao, na kila kitu ninachokisimulia nimekiona kupitia dirisha langu au nimekisikia mezani kwao nikiwa na kijiko mkononi.

Kwa hiyo najua kwamba kilichomuuma dada yangu hakikuwa gundi, wala paka, wala betri kwenye unga. Orest alipokuwa ghalani alikuwa anarudi saa kumi na moja jioni, wanakula, wanagombana kidogo, wanalala. Alipostaafu, Stefka alidhani sasa atampata mchana pia. Badala yake mzee akahamia gerejini na chupa ya chai na mkate uliofungwa kwenye karatasi, anaingia ndani usiku tu. Mwaka wa nne sasa. Mtoto wao Zenon yuko mbali, anapiga simu Jumapili. Siku moja tukiwa garini Stefka aliniambia, bila hata kunigeukia, "Darka, jana mchana nimebishana na mtangazaji wa redio. Kwa sauti. Na nilikuwa namsubiri anijibu." Nikacheka, halafu nikaona hacheki, nikajisikia vibaya sana.

Lakini Stefka kumwambia mumewe "nina upweke, njoo ukae nami"? Huyo si Stefka. Afadhali ale theluji. Stefka yeye alidai gereji.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Nilikuwa mezani kwao nakunywa borshi, supu yetu nyekundu ambayo dada huipika vizuri kuliko mimi na sitakaa nimwambie. Orest akaingia na buti zake kuchukua chupa ya chai.

"Baba Zenon, kaa ule," Stefka akamwambia.

"Nitakula kulekule, mama. Gundi inanisubiri."

"Gundi inakusubiri. Na mimi je?"

"Wewe huna haraka, mama Zenon. Wewe hugandi."

Lo! Nikaweka kijiko chini. Nilitamani kumrushia lile bakuli, na angekuwa mume wangu ningelirusha.

Stefka akafuta mikono taratibu kwenye aproni. "Sikiliza wewe mwanamume. Gereji ilijengwa kwa ajili ya gari langu. Gari langu linalala nje kama mbwa koko. Tuwekeane dau. Kuanzia leo mpaka Malanka, gari likikataa kuwaka asubuhi moja, moja tu, gereji inakuwa ya gari. Wewe na mbao zako na nyasi zako mtatoka."

"Na likiwaka kila siku?"

"Likiwaka kila siku, sitafungua mdomo tena kuhusu gereji maisha yangu yote."

Orest akanigeukia, macho yanamng'aa. "Shemeji, umesikia? Wewe ni shahidi. Hatafungua mdomo."

"Nimesikia," nikasema, "ila siamini."

Wakapeana mikono juu ya bakuli langu la supu.

Ni lazima ujue kwamba kwetu gari lililolala nje bila kupashwa halitofautiani na gogo. Kila gari lina plagi inayoning'inia puani, ya kuchemsha injini. Jioni unachukua waya mrefu kutoka ukutani, unauchomeka puani mwa gari. Asubuhi unauchomoa, unaukunja, unautundika kwenye msumari kando ya mlango wa gereji, ndiyo unaondoka. Waya hauachwi chini, hata nyumba ikiwaka moto. Ukiuacha chini theluji inaufunika, na trekta la kusafisha njia likipita linaukatakata. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusali.

Sasa, kwa Prytula umeme wa gereji na umeme wa ule waya ulitoka kwenye fyuzi moja. Ukiwasha hita ya karakana na kupasha gari kwa wakati mmoja, pa! Giza. Stefka alilijua hilo alipoweka dau. Alikuwa na hakika kwamba mzee ama ataganda na gundi yake, ama atalisahau gari.

Hakumjua mumewe. Orest alinunua saa ya umeme, akaifunga ukutani, akachora ratiba kwa chaki juu ya mlango. Mchana hita. Usiku hita kidogo, gundi isife. Ikifika saa kumi alfajiri, saa inazima hita yenyewe na kuwasha waya wa gari. Muda wa saa tatu na nusu za kupashwa, na ikifika saa moja na nusu asubuhi injini iko tayari. Kila jioni kabla ya chakula alitoka, akachomeka waya puani mwa gari, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akalipigapiga gari begani.

Mimi nilikuwa upande wa wote wawili. Nilimletea Orest marobota sita zaidi ya nyasi kutoka shamba la mwanangu. Na Stefka nilikuwa nampigia simu kila utabiri wa hali ya hewa ukiwa mbaya, kumtia moyo.

Jumanne na Alhamisi tunakwenda ukumbi wa kanisa kufinya vareniki, vile vifuko vya unga vyenye viazi na jibini, ambavyo akina mama wa parokia wameviuza mpaka paa la kanisa likatengenezwa. Stefka ndiye dereva. Kila mara tukikaa garini anafunga macho, anazungusha ufunguo. Na kila mara gari linawaka. Ishirini na tano chini ya sifuri, likawaka. Thelathini na moja, likakohoa, likawaka. Orest anasimama kwenye kidirisha cha gereji, anatupungia na chupa ya chai.

"Limewaka," Stefka anasema, na uso wake kama wa mtu aliyepewa barua ya kodi.

"Pole, dada."

"Nyamaza, Darka. Nilikuona na yale marobota."

Desemba ikaisha hivyo. Zikabaki siku chache kufika Mkesha wa Noeli, ambao kwetu ni tarehe sita Januari, na wiki moja zaidi kufika Malanka. Orest alishaanza kusema "karakana yangu" mezani kwa sauti kubwa, akirefusha neno.

Alhamisi hiyo ilikuwa thelathini na saba chini ya sifuri. Pua ilikuwa inanata ukivuta pumzi. Nikavuka kichochoro, nikakaa garini karibu na dada yangu. Nikamwona hana aproni. Hana hata lile bakuli kubwa la viazi ambalo hulileta kila Alhamisi. Nikafikiri amezeeka, anasahau.

Safari hii hakufunga macho. Akazungusha ufunguo.

Nge. Nge. Kimya.

Akazungusha tena. Hakuna kitu, hata kukohoa.

"Limekataa!" akapiga kelele, na kabla sijasema pole alishafungua mlango. "Baba Zenon! Baba Zenooon! Limekataa! Njoo uone!"

Orest akatoka mbio, koti juu ya pajama, mkono mmoja umebana chupa yake kwapani. "Haiwezekani! Nimechomeka mwenyewe jana! Nimevuta mara mbili!"

"Basi tazama."

Akatazama puani mwa gari. Hakuna waya. Akageuka, akatazama ukutani. Waya ulikuwa pale, kwenye msumari wake, umekunjwa vizuri, umetulia. Akausogelea. Akainama, akaugusa kwa kidole, akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba nilihofia atanata. Nilikuwa nasubiri vita. Huyu ni mtu aliyewahi kubishana na padri kuhusu siku gani ni Jumatano.

Akajikuna pua. "Haya," akasema. "Nimeshindwa. Gereji ni ya gari."

"Hivyo tu?" nikauliza. Nilikerwa kabisa. Nilitoka kitandani kwa ajili ya ugomvi huo.

"Hivyo tu, shemeji. Dau ni dau."

Tukaingia ndani nipige simu kanisani. Na nikasimama mlangoni nimeduwaa. Meza kubwa ya jikoni ilikuwa tupu. Vyombo vya Noeli vyote vimehamishwa, shuka kuukuu limetandikwa juu, na taa ya kufumia ya dada yangu imewekwa mwisho wa meza, imeshawashwa.

"Dada, meza hii ya nini?"

"Ya kukunjia unga," akasema haraka mno.

"Juu ya shuka?"

"Darka, piga simu yako."

Mchana uleule Orest akahamia jikoni. Mbao, patasi, paka nyuma ya patasi. Jamani, zile kelele! Nilikuwa nasikia kutoka kwangu madirisha yakiwa yamefungwa. "Ondoa randa yako kwenye siagi yangu!" "Ondoa siagi yako kwenye randa yangu!" Mkesha wa Noeli tunaweka mezani vyakula kumi na viwili, na mwaka ule tulikula na vumbi la mbao, kikawa cha kumi na tatu. Stefka alilalamika kwa kila mtu aliyeingia mlangoni, na alilalamika akiwa amechanua kama bibi harusi. Sikumsikia tena akiitaja redio.

Siku moja niliwakuta, Stefka amekaa juu ya tsimbali iliyofunikwa ubao, mikono magotini, ametulia kama mtu anayepigwa picha.

"Unafanya nini huko juu?"

"Gundi inashika," akasema. "Bado dakika kumi na mbili."

"Majiliwa yangu yote ya kubania mbao yamekwama kwenye barafu gerejini," Orest akaeleza. "Mama Zenon anabana vizuri kuliko jiliwa."

"Umeniita mzito?"

"Nimekuita imara."

"Dakika zikiisha nitakuonyesha uimara."

Tsimbali ile haikupasuka. Mvuke wa sufuria za Stefka uliilowesha hewa, na mbao, Orest anasema, zinataka hivyo hasa. Usiku wa Malanka ukumbini mpigaji aliigonga, na ililia vizuri. Mtu mmoja alisema kama kengele. Mimi nasema vizuri kiasi. Orest alilia waziwazi, akajifuta kwa mkono wa koti la mkewe.

Nikambana pale pale, karibu na meza ya keki.

"Shemeji, ile asubuhi. Uliona nini pale ukutani?"

Akatazama huku na huku. "Waya."

"Waya wote tuliuona."

"Hukuangalia. Mimi naukunja duara, duara juu ya duara. Ule ulikunjwa kama namba nane, na ncha imechomekwa katikati, kama anavyofunga uzi wake wa kufumia." Akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Mwizi gani anakunja waya, Darka? Ametoka usiku kumpiga chenga mumewe kwenye baridi ile, na bado mkono wake umemkataza kuuacha chini!"

Nikashika kinywa. Stefka! Dada yangu anayeimba kwaya ya kanisa! "Na ukanyamaza?"

Kicheko kikamfutika usoni. "Niliona na nyayo za kandambili kwenye theluji, shemeji. Hakuvaa hata buti. Nikajiuliza, mtu anataka nini mpaka atoke na kandambili, thelathini na saba chini ya sifuri? Gari halitaki joto kiasi hicho. Halafu nikaingia ndani nikaiona meza." Akaigeukia meza ya keki. "Miaka minne nilidhani anafurahia utulivu. Nilidhani nampa nafasi. Mimi ni mjinga."

"Wewe ni mjinga," nikakubali, na nikampa kipande cha keki.

Theluji ikayeyuka. Mei Orest akarudi gerejini, gari likatoka nje, kila mtu akasema ndivyo inavyofaa, wakati wa joto. Akaanza tsimbali ya nne. Juni, Julai, sawa. Lakini Oktoba ikaingia, nikamwona anapanga tena marobota ukutani. Anabandika plastiki dirishani. Chupa ya gundi ikarudi kwapani.

Nikavuka kichochoro nimefura. "Dada, mwambie!"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umezoea makelele yake! Kwamba unataka aje ndani!"

"Simwombi mtu," Stefka akasema, akiwa amenipa mgongo, anasugua meza ambayo ilikuwa safi. "Mwaka jana nilishinda dau. Mwaka huu hakuna dau. Akitaka kuganda, agande." Nikajua nikisema neno moja zaidi atanifukuza.

Novemba ikafika nusu. Jumanne moja baridi ikashuka ghafla, thelathini chini ya sifuri. Saa moja na nusu nikaingia garini. Stefka alikuwa na aproni yake, na bakuli la viazi magotini, macho mekundu. Akazungusha ufunguo.

Nge. Kimya.

Tukatazamana. "Dada," nikasema, "tena?"

"Si mimi!" akasema. "Naapa, Darka, safari hii si mimi!" Kisha akasikia alichokisema, akaziba mdomo.

Akatoka nje. Nikamwona anakwenda moja kwa moja ukutani, kwenye msumari. Waya ulikuwa pale. Umekunjwa duara, duara juu ya duara, nadhifu. Akapitisha kidole juu ya mizunguko yake.

Mlango wa gereji ukafunguka. Orest akatoka na sanduku la patasi mkono mmoja, tsimbali nusu mkono mwingine, chupa imebanwa kwapani, paka miguuni. Amevaa kabisa, buti na kofia, kama mtu anayesafiri.

"Limekataa?" akauliza.

"Limekataa," Stefka akasema.

"Aisee, pole sana. Basi gereji ni yako, mama Zenon. Dau ni dau."

"Dau lilikuwa la mwaka jana."

"Kweli? Nimezeeka, nasahau tarehe."

Dada yangu akamtazama, akautazama waya, akamtazama tena. Alifungua mdomo, nikadhani sasa atalia, mimi mwenyewe nilishaanza.

"Futa miguu," akamwambia. "Na hizo betri zako, zikiingia kwenye unga wangu tena, nazichemsha."

Akamshikia mlango. Wakaingia wote wawili, na paka, wakaufunga. Mimi walinisahau garini na viazi. Nikavibeba, nikaenda kanisani kwa miguu, na machozi yaliganda njia nzima.